Kabla ya Geneva, nauli ya Dodoma: namna ya kupigania utafiti wa dawa kupitia mashirika ya kimataifa

Mtu akitaka Shirika la Afya Duniani, WHO, lihangaikie ugonjwa unaowamaliza watu wa kijijini kwao, huanza kuota tiketi ya Geneva, Uswisi, yaliko makao ya WHO. Aanze na nauli ya basi la Dodoma. Ndani ya WHO hakuna mwenye nguvu kuzidi nchi wanachama, na nchi mwanachama, ukiichungulia kwa karibu, ni afisa mmoja mwenye meza Mji wa Serikali, Mtumba, ambaye ndiye ataandika rasimu ya maneno atakayoyasoma waziri. Ukimkosa huyo, Geneva utapiga picha mbele ya bendera na kurudi.

Mfano nitakaotembea nao ni wa kuumwa na nyoka. Binamu yangu aligongwa na kifutu akiokota korosho. Zahanati ya kwanza haikuwa na seramu, kituo cha pili hakikuwa nayo, na hospitali ilikuwa na kichupa kimoja kilichopita tarehe. Alipona, ila vidole viwili vya mguu wa kushoto alivizika. Siku zile sikujua kwamba kukosekana kwa kichupa kile kulikuwa na historia ndefu, wala kwamba jambo hili lingekuja kupita WHO kwa mlango wa mbele, hatua kwa hatua, kiasi kwamba leo mtu anaweza kufuata nyayo zake.

1. Jua kwa nini dawa haipo

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunafika ofisini na kilio, tunaambiwa "tumesikia", tunarudi. Kilio bila maelezo ya chanzo hakina pa kushikwa.

Seramu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake iunde kinga, kisha kinga ile huchujwa na kutiwa kwenye chupa. Njia hiyo ilianza miaka ya 1890, Albert Calmette wa Institut Pasteur akiwa miongoni mwa waanzilishi, na kimsingi ndiyo tunayoitumia hadi leo. Ni kazi ya gharama, na mnunuzi wake ni mkulima, mfugaji au mtoto aliyetumwa kuni. WHO inakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Wahitaji ni wengi, lakini hawana hela, na kiwanda huhesabu hela.

Ndiyo maana mwaka 2010 Sanofi ya Ufaransa ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza FAV-Afrique, seramu iliyokuwa ikitibu sumu ya aina kumi za nyoka wa Afrika. Toleo la mwisho lilitoka Januari 2014, na muda wake wa matumizi ukaisha Juni 2016. Pengo likajazwa na seramu za bei rahisi, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India. Kifutu wa Lindi hazimjui.

Sasa jiulize swali gumu zaidi: utafiti gani hasa unaoutaka? "Utafiti zaidi" si ombi. Kwenye nyoka, jibu moja ni kitu ambacho mtu anaweza kukimeza palepale shambani kabla hajapakiwa kwenye bodaboda. Na jibu hilo si ndoto: Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamejaribu unithiol, dawa ya zamani ya kutibu sumu za metali kama zebaki, kwa watu wazima wenye afya njema ili kujua kipimo kilicho salama. Ukiweza kusema "hiki kipo, kimefika hapa, kimekwama hapa", afisa atavuta kiti karibu.

Andika yote hayo kwenye ukurasa mmoja. Mimi ya kwanza niliandika kurasa nne, na nina hakika hakuna aliyevuka ya pili.

2. Beba takwimu za kwenu

Namba za WHO hufungua mazungumzo tu. Namba ya wilaya yako ndiyo inayomfanya mtu wa wizara aandike kitu kwenye daftari lake.

Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, uombe kwa barua kuona muhtasari wa vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za wagonjwa vituoni. Ukiupata, angalia jambo hili kabla hujajumlisha chochote: je, kuumwa na nyoka kumeandikwa peke yake, au kumetiwa kapu moja na kung'atwa na wadudu? Kama ni kapu moja, usibahatishe. Sema waziwazi kwamba takwimu imechanganyika, na uifanye kasoro hiyo iwe ombi lako la kwanza. Kumwomba mtu arekebishe safu moja kwenye kitabu ni rahisi kuliko kumwomba dawa mpya, na akishakukubalia dogo ni vigumu kukukatalia kukuona tena.

Tahadhari: ukitaka kwenda mbali zaidi, kuhoji wagonjwa na kuchapisha matokeo, huo sasa ni utafiti, na unahitaji kibali cha maadili. Kwa Tanzania Bara mlango wake ni NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Usiupite kwa dirishani. Takwimu isiyo na kibali itakuangusha siku unayoihitaji.

3. Barua, na muhuri wake

Barua huenda kwa Katibu Mkuu. Kumwandikia Mheshimiwa Waziri moja kwa moja kunapendeza machoni, lakini barua itateremshwa kwa Katibu Mkuu vilevile, na utakuwa umepoteza wiki. Weka nakala kwa Mganga Mkuu wa Serikali na kwa mpango wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Mwili wa barua uwe mfupi, kwa mfano:

*YAH: OMBI LA KUINGIZA UTAFITI WA TIBA YA SUMU YA NYOKA KATIKA TAMKO LA NCHI KWENYE KAMATI YA KANDA YA AFRIKA*

*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.*

*2. Tunaomba Wizara iongeze sentensi ifuatayo katika tamko lake: "Tanzania inaitaka Sekretarieti ya WHO kuunga mkono majaribio ya tiba za kumeza za sumu ya nyoka katika nchi zenye waathirika wengi, na kuhakikisha tiba hizo zinasajiliwa na kupatikana kwanza katika nchi hizo."*

*3. Kiambatisho "A" ni muhtasari wa wagonjwa katika wilaya yetu kwa miaka mitatu.*

*4. Tunaomba dakika ishirini za kufafanua ombi hili.*

Unaona kilichofanyika kwenye aya ya 2? Umempa mtu sentensi iliyokwisha kupikwa. Afisa ana mada thelathini za kuandikia kabla ya Ijumaa. Ukimpa hoja, itabidi aigeuze maneno yeye mwenyewe, na hana muda. Ukimpa sentensi ataibandika, pengine akibadili neno moja ili iwe yake. Mwache abadili.

Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na kurudi nawe. Usitoke pale bila muhuri. Wiki tatu baadaye utakapoambiwa "barua hiyo hatujaiona", karatasi hiyo ndiyo itakayoongea, wewe ukiwa umekaa kimya kwa adabu zako zote.

4. Kalenda

Mei ni mwezi wa Baraza la Afya Duniani, mkutano wa nchi zote wanachama wa WHO, Geneva, na ndio mwezi ambao karibu kila kitu kimeshaamuliwa. Rudi nyuma. Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari hukaa Bodi ya Utendaji, wajumbe 34, ambayo huichambua ajenda na rasimu za maazimio kabla hazijafika Barazani. Mapendekezo ya mada mpya kwa Bodi hufungwa miezi kabla ya hapo, na hupelekwa na nchi pamoja na hati ya maelezo. Kabla yake tena, Agosti, hukutana Kamati ya Kanda ya Afrika yenye nchi 47, na hapo ndipo nchi zetu huzoeana na maneno watakayoyasema pamoja Geneva. Kwa hiyo anayetaka jambo lake lisikike Mei ya mwakani anatakiwa awe masjala Aprili au Mei ya mwaka huu.

(Kwa wasomaji wa Muscat: Oman, kama Somalia na Sudan, imo kwenye kanda ya Mashariki ya Mediterania yenye makao Cairo, na kamati yao kwa kawaida hukaa Oktoba. Msije mkaelekea Brazzaville, yaliko makao ya Kanda ya Afrika, bure.)

Tazama nyoka walivyosafiri kwenye kalenda hii. Mei 2016 kulikuwa na kikao cha pembeni wakati wa Baraza, Costa Rica ikiwa mbele. Juni 2017 WHO iliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha yake ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Januari 2018 rasimu ikapita Bodi. Tarehe 24 Mei 2018 Baraza likapitisha azimio WHA71.5. Miaka miwili kutoka kikao cha pembeni hadi azimio, na huko ni kwenda mbio, kwa jambo lililokuwa na mtu kama Kofi Annan nyuma yake. Yeye alifariki Agosti ya mwaka huohuo, miezi mitatu baada ya kuona limepita.

5. Tafuta nchi ya kulibeba

Azimio halina mzazi mmoja, lakini huwa na nchi inayolibeba mgongoni. Sumu ya nyoka ilibebwa na Costa Rica na Colombia. Kwa nini Costa Rica, nchi ndogo namna ile? Kwa sababu ina Instituto Clodomiro Picado, taasisi ya umma inayotengeneza seramu tangu miaka ya 1970, yenye wanasayansi kama José María Gutiérrez wanaoweza kumjibu balozi wao swali lolote kwa simu. Mycetoma, ule uvimbe wa mguu unaokula mpaka mfupa, ulibebwa na Sudan hadi azimio la 2016, na Khartoum kulikuwa na kituo cha utafiti wa ugonjwa huo tangu 1991. Noma, inayokula nyuso za watoto, ilisukumwa na Nigeria ikaingia orodhani Desemba 2023.

Ukitazama hizo tatu utaona nchi inayobeba ina mtaalamu nyumbani na ina wagonjwa nyumbani. Kama ugonjwa wako uko hivyo kwetu, omba Tanzania au Kenya iongoze. Kama sivyo, omba ijiunge kama mdhamini mwenza wa nchi nyingine, na usilione hilo kuwa la chini. Jina moja la Kiafrika kwenye ukurasa wa mbele wa rasimu hubadilisha mwenendo wa Kundi la Afrika zima.

Neno moja la pembeni. Tangu Profesa Mohamed Janabi achaguliwe Mei 2025 kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, baada ya kifo cha Mtanzania mwenzake, Dkt. Faustine Ndugulile aliyekuwa amechaguliwa Agosti 2024, nimesikia watu wakisema "sasa tuna mtu wetu Brazzaville, tumwandikie". Mwandikieni pongezi. Mkurugenzi hutekeleza yale ambayo nchi zimeyaamua, na anayeonekana kuipendelea nchi yake huwa wa kwanza kunyamazishwa.

6. Soma vitenzi vya azimio

Rasimu ikianza kuzunguka, watu hugombania utangulizi, ule wenye "ikitambua", "ikikumbuka", "ikisikitishwa". Waachieni wanaopenda kusikitika. Nguvu imo kwenye aya za utendaji, na humo vitenzi vina ngazi. *Inazikaribisha* nchi kufanya jambo: hakuna atakayefanya. *Inazihimiza*: wachache. *Inamwomba Mkurugenzi Mkuu* afanye jambo fulani: hapo kuna mfanyakazi wa WHO atakayeandikiwa kazi. Na *inamwomba Mkurugenzi Mkuu atoe taarifa ya utekelezaji* kwa Baraza la mwaka fulani: hiyo ndiyo aya ya kufia. Inairudisha mada yako kwenye ajenda bila wewe kubisha hodi tena. Wakitaka kukupunguzia kitu kwenye majadiliano, toa utangulizi wote kabla ya kuitoa hiyo.

Kwenye utafiti ongeza macho kwa neno "upatikanaji". Azimio linaloomba fedha za utafiti bila kutaja nani atapata dawa, kwa bei gani, na wapi itasajiliwa kwanza, linaweza kutuacha tukitoa damu ya majaribio na kusubiri dawa kwenye foleni. Hoja hii ina pa kuegemea siku hizi: Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko uliopitishwa Mei 2025 una kifungu kizima cha utafiti, ingawa nyongeza yake ngumu kuliko zote, ya kugawana vimelea na faida zake, iliachwa ijadiliwe baadaye.

7. Dakika yako moja

Asasi ndogo haiingii ukumbini yenyewe. Wanaoingia ni zile zenye uhusiano rasmi na WHO chini ya utaratibu uliopitishwa 2016, kama Madaktari Wasio na Mipaka, DNDi inayotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, na shirikisho la wanafunzi wa udaktari, IFMSA. Ingia kupitia wao. Mwanafunzi wa Muhimbili aliye TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari kilicho ndani ya IFMSA, tayari ana mlango na huenda hajui. Waandikie miezi mitatu kabla.

Ukipata nafasi, utapewa kama dakika moja, na kipaza sauti hukatwa. Kiswahili si mojawapo ya lugha sita za WHO, kwa hiyo utasoma Kiingereza au Kifaransa. Lakini andika kwanza kwa lugha unayofikiria. Rasimu yangu ya kwanza ya Kiingereza ilijaa maneno makubwa yasiyosema kitu, na nilipoanza upya kwa Kiswahili ikabaki hii:

*"Mwenyekiti, ahsante. Kwenye wilaya yetu mgonjwa wa nyoka hupita vituo viwili kabla ya kufika penye seramu. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, Sekretarieti itaje hadharani seramu zilizokaguliwa na kuthibitishwa kufaa kwa nyoka wa Afrika, ili nchi ziache kununua zisizofaa. La pili, wafadhili wa majaribio ya tiba za kumeza waweke sharti la usajili katika nchi zilizotoa washiriki. Costa Rica inatengeneza seramu yake. Afrika Mashariki ina nyoka, ina wanasayansi na ina wagonjwa. Ahsante."*

Isome kwa sauti huku saa ikihesabu. Ikizidi, kata salamu, usikate ombi. Halafu, na hili ni la maana kuliko dakika yenyewe, simama karibu na mlango wa ukumbi ukiwa na kile kikaratasi chako cha ukurasa mmoja. Wajumbe hutoka kutafuta kahawa.

8. Milango mingine

Geneva si peke yake. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iko Bujumbura, na ni ya kwetu. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, iko Addis Ababa, na Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, ingawa barua ya Kiingereza bado hujibiwa upesi. Wakala wa Dawa wa Afrika unawekwa Kigali. TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya tropiki ulioanzishwa 1975, unakaa ndani ya WHO na hufadhili watafiti wa nchi zetu. Na bungeni, kila bajeti ya sayansi inaposomwa, muulize mbunge wako limefikia wapi lengo la Umoja wa Afrika la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mgeni akikuuliza Geneva "nyinyi wenyewe mnatoa nini?" utataka uwe na jibu.

9. Azimio likishapita

Shangilia siku moja. Azimio la nyoka lilifuatwa Mei 2019 na mkakati wa WHO wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030, na mwezi huohuo Wellcome, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, ikatangaza pauni milioni 80 kwa miaka saba kwa ajili ya utafiti. Fedha zilifuata karatasi, na sasa ni wakati wa kudai masharti yaliyofuatana na fedha hizo.

Kama unataka kuona linavyoweza kwenda vizuri, tazama malale huko Kongo ya Kinshasa. Wagonjwa waliofikiwa na ugonjwa ubongoni walikuwa wakidungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoua kama mmoja kati ya kila ishirini. Mwaka 2018 kikapatikana kidonge, fexinidazole, cha kumeza siku kumi, kilichofufuliwa na DNDi kwa kushirikiana na Sanofi, ileile iliyoacha seramu ya nyoka. Kilijaribiwa Kongo, na Kongo ikakisajili Desemba ya mwaka huohuo. Kampuni haikubadilika roho. Kulikuwa na mtu mwingine aliyebeba gharama za utafiti, na masharti yaliandikwa mapema.

Kwa hiyo azimio lenye namba yake mkononi, panda tena basi la Dodoma. Barua mpya, YAH mpya: omba Bohari ya Dawa inunue seramu zilizopitishwa kwa nyoka wa Afrika tu, na omba kujua ni vichupa vingapi viko kwenye friji za wilaya yako leo. Nakala mbili, na ya pili irudi na muhuri.